Magazini Isiyokaa

Harlan Berkebile alibofya kifyatulio, na bunduki ikasema "ta." Ilikuwa saa moja na dakika tano asubuhi, Jumatatu ya kwanza ya msimu wa uwindaji, na mbele yake, hatua arobaini, kulikuwa na kulungu dume mwenye pembe kumi. Akavuta pampu ya bunduki kuita risasi nyingine. Hapo magazini, kile kikasha cha risasi kinachochomekwa tumboni mwa bunduki, ikachomoka, ikagonga kiatu chake na kuzama kwenye theluji na risasi zake zote nne.

Kulungu aligeuza kichwa akamtazama. Hakukimbia, na hilo ndilo lililomuuma Harlan kuliko yote. Aliondoka kwa miguu, taratibu, kama mtu anayetoka kanisani kabla ya sadaka.

Harlan akapiga magoti kwa goti lake bovu, akaanza kupapasa theluji. Hapo akatokea Dutch Lohr kutoka kwenye misonobari.

"Vipi Harlan, umepoteza hereni?"

"Nyamaza."

"Niliona dume kubwa likipita huku. Halina haraka hata kidogo. Nikasema lazima limetoka kwa Harlan."

Jioni walimkata shati. Hapa Kettle Fork, kambi yao ya uwindaji, sheria ni moja tangu enzi za babu zao: ukimkosa kulungu, unasimama katikati ya kibanda cha kambi, wenzako wanakata pindo la nyuma la shati lako na kuligongomea ukutani na jina lako na mwaka. Mapindo ya Harlan yalikuwa mawili, ya mwaka juzi na mwaka jana. Shati la mwaka huu Verna alikuwa amemnunulia siku ya kuzaliwa, jekundu la mirabaraba, na Dutch alilikata kwa raha kama anakata utepe wa kufungulia daraja.

"Lakini sijapiga!" Harlan alilalamika. "Anayekosa ni aliyepiga risasi ikapita pembeni! Mimi risasi haikutoka!"

"Kulungu alikuwepo, wewe ulikuwepo, nyama haipo," alisema Dutch. "Mchungaji, unasemaje?"

Mchungaji Wendell Crum alikuwa anakausha soksi mbele ya jiko. "Sheria ni sheria," alisema, bila kumtazama mtu usoni.

Siku hiyo kambi nzima haikupata hata mguu wa kulungu. Dutch alisema zaidi ya lile dume hakuona kitu. Mchungaji alisema alisinzia katika sala. Kila mtu alikuwa na sababu yake: mwezi, upepo, mbwa mwitu, mialoni kutozaa. Harlan peke yake ndiye aliyekuwa na shahidi.

*

Nyumbani Verna alilitazama lile shati kwa nyuma, halafu kwa mbele, halafu akamtazama mumewe.

"Mgongo utakuwa unapata baridi."

"Verna, si wakati wa utani."

"Mimi sitanii. Nauliza kama nikuwekee kiraka au uendelee kupunga hewa."

Kisha akafungua friza, kwa sababu kicheko kina mwisho wake. Ndani mlikuwa na mifuko miwili ya njegere na kipande cha keki ya harusi ya binti yao. Tangu Agosti kiwanda cha mbao kilikuwa kinamwita Harlan siku tatu tu kwa wiki. Kulungu mmoja ni soseji, ni supu, ni nyama ya kusaga mpaka Aprili. Bila kulungu ni njegere. Na wiki hiyo moja tu ndiyo Harlan alikuwa na likizo; Jumamosi ikipita, msimu wake umekwisha.

"Wiki iliyopita ilikaa sawasawa," alisema Harlan, akiichomeka magazini na kuivuta, akiichomeka na kuivuta. "Mwaka mzima imekaa sawasawa. Leo asubuhi niliona inaingia kwa ubishi kidogo, nikajua ni baridi."

"Labda imenenepa. Wote mmenenepa. Jumapili mlikula keki zangu arobaini na nane."

Kweli walikula. Jumapili jioni Verna alikuwa amepanda kambini kuwapikia, jambo ambalo mwanamke wa Kettle Fork hakuwahi kuruhusiwa kulifanya mkesha wa msimu. Mpishi wao alikuwa amevunjika mkono, na Verna hakungoja waite mkutano. Aliwapikia maharage na keki ndogo za mahindi, wakamsifu mpaka Mchungaji akasema ni ishara ya mbinguni.

Jumanne Harlan alikwenda dukani mjini. Kijana wa kaunta alimuuzia magazini mpya ndani ya plastiki ngumu. Harlan alipoijaribu ndani ya pikapu haikuingia hata nusu. Akarudi.

"Hiyo bunduki ni ya zamani sana, babu," alisema kijana. "Ungenunua mpya."

"Na wewe ungekuwa na bibi, ningemwambia akuchape," alisema Harlan, akarudishiwa dola zake arobaini zikiwa pungufu, kwa kuwa plastiki ilikuwa imekatwa.

Jumatano alipiga simu kiwandani kulikotengenezwa bunduki. Aliwekewa muziki mpaka Verna akamaliza kupiga pasi. Mwishowe akapokea mama mwenye sauti ya asali, akamwambia ajaze fomu, aitume bunduki, asubiri wiki kumi na mbili.

"Dada yangu," alisema Harlan, "baada ya wiki kumi na mbili huyo kulungu atakuwa na wajukuu."

Kisha akaanza ufundi wake mwenyewe. Aliifunga magazini kwa utepe mweusi wa umeme. Ikaingia na kugoma kutoka. Aliivuta kwa koleo. Ikatoka na kumpiga kidevuni. Alijaribu kuishikiza kwa mpira wa nywele wa Verna. Verna akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Kaone fundi."

"Fundi gani?"

"Unajua ni fundi gani."

Harlan alimjua. Katika maili sitini za milima hii fundi bunduki ni mmoja tu, hana duka, hana bosi, ana kibanda nyuma ya nyumba yake: Amos Fike. Na Amos Fike, miaka thelathini na mitano iliyopita, alicheza dansi ya polka mara tatu mfululizo na Verna kwenye ukumbi wa zimamoto, na angecheza ya nne kama Harlan hangewahi kufika na viatu vipya. Amos hakuoa. Hajamfanyia Harlan lolote, na hilo Harlan hajawahi kumsamehe.

"Afadhali njegere," alisema.

"Basi kaa na njegere zako. Mimi nakwenda kuvaa."

*

Alhamisi Verna alivaa koti lake la buluu na kupaka rangi ya midomo. Harlan aliendesha pikapu maili mbili, jicho moja barabarani, jingine kwenye ile rangi.

"Tunapeleka bunduki," alisema mwishowe, "au tunakupeleka wewe?"

"Bunduki ndiyo iliyoharibika. Mimi nakaa sawasawa."

Mlangoni kwa Amos kulikuwa na ubao: LETA BUNDUKI. LETA MAGAZINI. USHAURI WAKO UACHE NYUMBANI. Ndani kulikuwa na jiko la kuni, jiliwa kubwa la chuma, tupa zimepangwa ukutani kwa urefu kama watoto wa shule, na birika la kahawa nyeusi ambayo ingeweza kuziba shimo la paa. Pembeni kulikuwa na pazia la maua lililofunika kitanda cha Amos, kwa kuwa siku hizi alilala karibu na kazi.

Amos mwenyewe alikuwa mrefu, mkavu, miwani miwili kwa mpigo. Aliwatazama kwa wasiwasi fulani, akatupia jicho pazia, kisha akamtazama Verna.

"Verna. Lile koti."

"Hili? La zamani," alisema Verna.

"Bunduki ni hii hapa," alisema Harlan kwa sauti ya juu.

Amos hakuuliza maswali. Aliichukua, akahakikisha haina risasi, akaangalia ndani kwa taa ndogo. Kisha akamwambia Harlan aichomeke magazini mwenyewe, kama anavyofanya porini.

"Unataka kuona kama najua?"

"Nusu ya bunduki ninazoletewa," alisema Amos, "mgonjwa ni mwenyewe."

Verna akakohoa ndani ya kikombe. Harlan akaichomeka, ikaingia, ikalia "ka." Amos akaitikisa bunduki kidogo, magazini ikadondoka mezani. Fundi akawasha mshumaa, akaipitisha magazini juu ya moshi mpaka ikawa nyeusi pande zote, akaichomeka tena polepole, akaitoa. Mahali penye kugusana masizi yalikuwa yamefutika. Akaisogeza dirishani, akaanza kusema "Mmh, mmh," kama daktari wa meno.

Hapo ukasikika mlio wa gari uani. Harlan akachungulia, akabadilika rangi.

"Dutch! Ni Dutch Lohr! Akinikuta hapa wataigongomea ukutani na suruali!"

Akaruka, goti bovu na yote, akapenya nyuma ya pazia la maua. Akakaa kitandani gizani. Kitanda tayari kilikuwa na mtu.

"Bwana asifiwe," alinong'ona Mchungaji Crum, bunduki yake mapajani.

"Mchungaji! Unafanya nini humu?"

"Nilikusikia wewe ukija."

"Gari lako?"

"Nyuma ya zizi. Sogea, umekalia kofia yangu."

Mlango ukafunguliwa. Dutch akaingia na kitu kirefu kilichozungushiwa blanketi la mtoto lenye picha za bata.

"Amos! Nilikuwa napita tu." Akamwona Verna. "Ah! Shemeji! Umefuata nini huku?"

"Kahawa," alisema Verna.

"Kahawa ya Amos?" Dutch alisita. "Basi una shida kubwa kuliko yangu. Sikiliza Amos, nina rafiki. Rafiki ana bunduki. Jumatatu asubuhi alikuwa na kulungu mbele yake, mnene kama sofa, na magazini ikamchomokea, ikaingia kijitoni. Rafiki akaifuata mpaka kiunoni, kwenye barafu. Rafiki ana aibu sana."

"Rafiki ana blanketi la bata?" aliuliza Amos.

"Rafiki ni mtu wa familia."

Nyuma ya pazia kukatokea sauti kama ya mbuzi anayekabwa. Alikuwa Harlan akiuma mto. Lakini hasira na kicheko haviwezi kukaa pamoja ndani ya mtu mmoja wa umri wake. Akainuka ghafla, akavuta pazia, na pazia likaja lote na fimbo yake, likamfunika yeye na Mchungaji mpaka mabegani.

"Kiunoni!" alipiga kelele Harlan. "Wewe! Uliyenikata shati! Jumatatu hiyo hiyo!"

Dutch alikodoa macho. Mbele yake walisimama wanaume wawili waliovaa maua.

"Mchungaji?" alisema kwa sauti ndogo.

"Yangu ilidondoka mara mbili," alisema Mchungaji. "Sikusinzia katika sala. Ilikuwa sala, lakini maneno yake siyarudii."

*

Amos aliziweka bunduki tatu mezani, na mbele ya kila moja magazini yake. Akazipindua magazini, akafuta masizi na mafuta, akainama na miwani yake yote miwili.

"Mnakumbuka kreti ya bunduki sita ambazo kambi yenu ilinunua duka la Hoyt lilipofungwa?"

"Babu yangu alikuwemo," alisema Dutch.

"Magazini zake zilikuwa mbovu zote. Baba yangu alikaa majira yote ya baridi, akazichonga kwa tupa moja moja, kila moja kwa bunduki yake. Akazikwaruza namba chini, hapa. Na ndani ya bunduki, hapa." Akaelekeza kidole. "Harlan, bunduki yako ni namba mbili. Magazini uliyoniletea ni namba tano."

"Ya kwangu ni tano!" alisema Dutch.

"Bunduki yako ni tano. Magazini yako ni namba nne. Mchungaji, wewe ndiye nne." Akainua ya mwisho, akaigeuza kwenye mwanga. "Na Mchungaji amekuwa akitembea na mbili."

"Amekuwa na ya kwangu?" alisema Harlan.

"Bunduki ni nzima," alisema Amos. "Magazini ni nzima. Ila hazijuani. Zinapeana mkono mlangoni, zikifika ndani zinagombana."

Wanaume wakatazamana. Kambini hakuna anayevuka kizingiti na magazini ndani ya bunduki. Mlangoni, juu ya rafu, kuna bati la kuokea keki ndogo, lenye mashimo kumi na mawili, lililoachwa na bibi yake Hoyt mwenye lile duka. Kila mtu ana shimo lake tangu alipokuwa kijana. Jioni unaweka, asubuhi, gizani, na glavu mkononi, unachukua. Mtu hahitaji macho, mkono unajua.

"Nani amegusa bati?" aliuliza Dutch.

"Hakuna anayegusa bati," alisema Harlan. "Miaka hamsini hakuna mtu aliyegusa bati."

Verna alikuwa amegeukia jiko, akilitazama kama hajawahi kuona jiko. Rangi ya mdomo ilibaki palepale, lakini masikio yalikuwa mekundu.

"Kwani zile keki," alisema polepole, "zilikuwa mbaya?"

Kuni zikapasuka.

"Keki arobaini na nane," alisema Verna, "mlidhani nilizioka kwenye kofia? Kibanda kizima kina bati moja! Nikatoa vile vyuma vyenu, nikalipiga sabuni, maana lilikuwa na mafuta ya tangu vita, nikaoka mara nne, nikalikausha. Na nikavirudisha! Kimoja kila shimo! Vizuri, vimenyooka! Vyote vinafanana!"

"Mimi nilikula saba," alisema Mchungaji, na akawa wa kwanza kukaa sakafuni.

Dutch alicheka mpaka akashikilia jiliwa. Kisha akajifuta macho, akainua kidole. "Harlan, siku nne! Kambi nzima haina nyama, na mkosaji ni mke wako! Mkutano lazima ukae. Mwanamke asikanyage tena..."

Harlan alimtazama mkewe. Alikumbuka lile dume, theluji, kijana wa kaunta, muziki wa simu, kidevu chake. Alikuwa na maneno mengi mazuri tayari mdomoni. Kisha akamwona Amos Fike, ambaye alikuwa ameacha kupangusa tupa na kusubiri kwa utulivu kusikia mume atasema nini.

"Hakuna mtu," alisema Harlan, "atakayemsema mke wangu vibaya mbele ya Amos Fike."

Verna akamgeukia. Harlan alikuwa hajaangaliwa hivyo tangu ile polka ya nne, aliyoicheza yeye.

"Ila wewe Dutch," aliendelea Harlan, "pindo la shati lako naliona linaning'inia."

Bei ikawa ugomvi mwingine. Amos alisema hajafanya kitu, hachukui kitu. Harlan akasema yeye si mtu wa kusaidiwa bure na mtu huyo. Amos akasema basi waache magazini zao, kesho atazipigia majina kwa patasi, maana namba hawazisomi, dola tano kila moja. Harlan akalipa tano kwa sarafu, akizigonga mezani moja moja.

"Na keki," alisema Amos.

"Keki sitalipa."

"Keki atalipa Verna," alisema Verna.

*

Ijumaa Verna alikwenda mwenyewe kuzifuata, na kapu la keki. Harlan alikuwa amekwenda kuipima bunduki shabaha bila magazini, risasi moja moja, au ndivyo alivyosema. Kweli alikuwa amelala na barafu gotini. Jioni zile magazini zilipelekwa kambini, kila moja shimoni mwake.

Jumamosi asubuhi gizani mkono wa Harlan ulikwenda shimo la pili, ukaichukua, ukaichomeka. Ikasema "klak." Sauti ile alikuwa ameisahau; alisimama mlangoni akaitoa na kuichomeka tena mara mbili, kwa starehe tu, mpaka Dutch akamwambia aende, si kinanda.

Saa tatu kasoro akatokea dume. Hakuwa yule wa pembe kumi. Alikuwa na pembe nne na sikio lililopasuka, anatafuna bila habari. Harlan alibofya. Bunduki ikasema neno lote. Mlima ukaitika, theluji ikamwagika kutoka matawini, na pindi masikio yake yalipozibuka Harlan alikuwa anapiga kelele peke yake msituni, na machozi, na anachechemea kuteremka huku akisema, "Aprili! Mama we, mpaka Aprili!"

Verna alikuwa kambini. Mkutano ulikuwa umekaa Ijumaa, ukaamua kwamba sheria ni sheria: amekosesha kulungu, basi naye akatwe. Hana shati la kambi, ana aproni. Pindo la aproni ya maua liligongomewa ukutani, la kwanza la mwanamke tangu kibanda kijengwe, na jina na mwaka. Verna alilitazama kwa fahari isiyofichika. Kisha akawaomba mkasi, na sasa alikuwa anamshughulikia Dutch, Mchungaji akisubiri zamu mgongo wazi.

Harlan aliingia amejaa damu mpaka viwiko, anacheka. Mlangoni akatoa magazini aiweke shimoni, na kwa mara ya kwanza akaiona kwenye mwanga wa mchana. Ya Dutch imeandikwa DUTCH, kombokombo. Ya Mchungaji, CRUM, herufi moja imepinda. Ya kwake ilikuwa na herufi tano zilizosimama wima kwa utulivu na upendo wa fundi: VERNA.

Kicheko kikamkauka. Akaipangusa kwa kidole gumba. Haikufutika. Katika maili sitini ni mtu mmoja tu aliyeweza kuifuta, na ubao wa mlangoni kwake aliujua, na koti la buluu alilijua; kurudi huko hakutaka.

"Vipi?" aliuliza Verna, mkasi mkononi. "Amekuandikia nini?"

"Namba mbili," alisema Harlan, akaizamisha magazini shimoni, maandishi chini. "Kama zamani."

"Vizuri," alisema Verna, akaendelea kumkata Dutch shati. Wala hakumwambia kwamba Ijumaa Amos alipomuuliza aandike nini kwenye ya Harlan, yeye ndiye aliyejibu: andika jina ambalo mume wangu hawezi kumwachia mtu mwingine achukue.